Nukta Kumi na Moja Zilizopotea: Uchambuzi wa Upishi wa Kwanza wa Bia kwa Kimea cha Punje

Mpishi anayezungumziwa hapa alikuwa amezoea kupika bia nyumbani kwa dondoo ya kimea iliyotengenezwa tayari kiwandani, na bia zake zilikuwa nzuri. Alipoamua kuiacha dondoo na kuanza na punje zenyewe, alichagua mapishi ya bia aliyokwisha kuifahamu vizuri, ili tofauti yoyote ambayo angeionja itokane na njia mpya wala si na viungo vipya. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na ndio unaokifanya kisa chake kichambulike. Mapishi yalitaka kilo 5 za kimea cha shayiri, kilo 4.5 zikiwa za kimea cheupe cha msingi na nusu kilo ikiwa ya kimea cha karameli. Yaliahidi lita 22 za woti, yaani maji matamu ya kimea ambayo bado hayajatiwa hamira, zikiwa na msongamano wa 1.051 mwisho wa kuchemsha. Alichopata ni lita 26 zenye msongamano wa 1.040.

Maelezo yake ya kwanza yalikuwa yale yanayosemwa na wengi wanaoanza: kwamba joto la kulowekea kimea lilikuwa chini, vimeng'enya vikashindwa kugeuza wanga kuwa sukari, na kwamba dawa ni kutafuta chombo bora zaidi cha kulowekea. Hata hivyo, alikuwa ameandika vipimo vyake kwa uangalifu usio wa kawaida kwa mtu wa mara ya kwanza, na vipimo hivyo vinasema jambo jingine. Zaidi ya nusu ya nukta 11 zilizokosekana (nukta moja ni 0.001 ya msongamano juu ya 1.000 ya maji matupu, hivyo 1.051 ni nukta 51) hazikupotea ndani ya kimea hata kidogo, kwa kuwa sukari yake ilikuwamo sufuriani ikiwa imezimuliwa na maji ya ziada. Nukta zilizobaki zilipotea hasa kwenye mashine ya kuparazia. Joto, ambalo lilibebeshwa lawama yote, lilikuwa na athari ya aina nyingine, ambayo haidromita, yaani kipimo cha msongamano, isingeweza kuionyesha siku ile.

Kazi iliyokuwa ikifanywa na mtu mwingine

Dondoo ya kimea ni woti iliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Kimea kimeparazwa, kimelowekwa katika maji moto, vimeng'enya vyake vimeuvunja wanga kuwa sukari, maji matamu yamechujwa, kisha yamepunguzwa maji hadi yakawa rojo ambalo takriban asilimia 20 yake tu ni maji, au yamekaushwa kabisa yakawa unga. Mpishi anayenunua dondoo hununua pia matokeo ya kazi hiyo yote, na matokeo hayo hayabadiliki kwa uzembe wake wala kwa ustadi wake. Kilo moja ya unga wa dondoo hutoa takriban nukta 367 za msongamano kwa lita, kwa maana kwamba ukiieneza katika lita 10 za woti utapata karibu 1.037, na ukiieneza katika lita 20 utapata karibu 1.018. Iwe umeikoroga vibaya au vizuri, jumla ya nukta ni ile ile.

Jambo la pili ambalo dondoo hulificha halitajwi mara nyingi, nalo ni ujazo. Mpishi wa dondoo kwa kawaida huchemsha nusu tu ya woti yake kwenye sufuria ndogo, kisha huimimina ndooni na kuongeza maji baridi hadi kwenye alama iliyochorwa ubavuni mwa ndoo. Kiasi kilichovukizwa hakimsumbui, kwa sababu alama ya ndoo husahihisha kila kosa. Kwa hiyo vipimo viwili vinavyoamua msongamano, yaani wingi wa sukari na wingi wa maji, vyote humfikia vikiwa vimekwisha kuamuliwa, cha kwanza na kiwanda na cha pili na ndoo.

Anayepika kwa punje hupoteza vyote viwili kwa siku moja. Sukari inategemea jinsi punje zilivyovunjwa, joto, muda, asidi ya uji wa kimea na jinsi sukari hiyo ilivyosuuzwa kutoka kwenye machicha, nao ujazo unategemea maji yaliyonyonywa na punje, maji yaliyobaki chini ya koki na mvuke uliotoka sufuriani. Ninasisitiza hilo la ujazo kwa sababu maelezo mengi ya kuhama kutoka dondoo kwenda kwenye punje humwandaa mpishi kwa ajili ya vimeng'enya na yakamwacha mtupu mbele ya maji. Mpishi wetu alikuwa amesoma mengi kuhusu vimeng'enya vya alfa-amilesi na beta-amilesi, lakini hakuwa amewahi kupima sufuria yake huvukiza lita ngapi kwa saa.

Namna siku ilivyokwenda

Vyombo vyake vilikuwa vya kawaida: kasha la plastiki lenye kuta nene za kuzuia joto lililotobolewa na kuwekwa koki, bomba lenye matundu chini yake la kuchujia, sufuria kubwa iliyoweza kubeba woti yote, na koili ya shaba ya kupozea. Kimea alikiparaza mwenyewe kwa mashine ya rola mbili iliyokuwa na mwanya wa milimita 1.3 kama alivyoipokea.

Alipasha lita 15 za maji hadi nyuzi 73 za Selsiasi, akazimimina kashani na kukoroga kilo zake 5 za kimea kilichokuwa na joto la nyuzi 20. Kwa uwiano huo wa lita 3 kwa kilo, hesabu ya joto inatoa takriban nyuzi 66.6, lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba chombo chenyewe hakinyonyi chochote. Kasha lilikuwa baridi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 64, na baada ya saa moja kikasoma 61.

Mwisho wa saa ile alichukua tone la woti, akalitia iodini kwenye sahani nyeupe, na rangi haikugeuka kuwa ya bluu-nyeusi. Alifarijika, akafungua koki. Woti ya kwanza kutoka, ambayo aliipoza kwanza kabla ya kuipima, ilikuwa na msongamano wa 1.066. Kisha akamimina lita 20 za maji ya kusuuzia, akakoroga, akaacha punje zitulie na kuchuja tena. Sufuriani zikawamo lita 29. (Vipimo vyote vya ujazo vilivyomo humu nimevirudisha kwenye hali ya baridi, kwa kuwa woti inayokaribia kuchemka huvimba kwa takriban asilimia 4, na anayelinganisha lita za moto na lita za baridi hupata hasara au faida isiyokuwapo.)

Hapo ndipo palipotokea kiwewe cha kwanza. Alitumbukiza haidromita kwenye woti yenye nyuzi 65, nayo ikasoma 1.018. Haidromita nyingi husanifiwa kwa kimiminika chenye nyuzi 20, na katika nyuzi 65 maji yenyewe huwa yamepungua msongamano kiasi kwamba kipimo kinasoma chini kwa takriban nukta 18. Alipoipoza sampuli ile alipata 1.036, nafuu kubwa, ila bado ilikuwa pungufu kuliko 1.042 aliyoitarajia. Kwa bahati mbaya nafuu ile ilimlegeza. Baada ya kuogopa kwamba amepata nusu tu ya sukari, upungufu wa nukta 6 ulionekana kuwa jambo dogo, akaendelea kuchemsha kana kwamba mapishi bado yanafuatwa.

Jiko halikuweza kuzichemsha lita 29 kwa nguvu. Alifunika sufuria nusu ili mchemko usife, na hopi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zikaingia kwa nyakati zilizoandikwa kwenye mapishi. Baada ya saa moja zilibaki lita 26.

Hesabu ya nukta

Njia iliyo rahisi ya kuchambua kisa kama hiki ni kuzidisha lita kwa nukta, kwa sababu kuchemsha huondoa maji bila kuondoa sukari, na kwa hiyo zao la lita na nukta hubaki lile lile tangu sufuria ilipojaa hadi mwisho. Kabla ya kuchemsha alikuwa na lita 29 zenye nukta 36, ambazo ni nukta 1,044. Baada ya kuchemsha alikuwa na lita 26 zenye nukta 40, ambazo ni 1,040. Vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa nyakati tofauti vinakubaliana, na hilo linanipa imani kwamba aliyapima mambo yake vizuri.

Sasa tulinganishe na kile ambacho kimea kingeweza kutoa. Kilo moja ya kimea cheupe hubeba takriban nukta 300 kwa lita, na ya karameli takriban 270. Kilo 4.5 za kwanza ni nukta 1,350 na nusu kilo ya pili ni 135, jumla 1,485. Mapishi yalidai asilimia 75 ya jumla hiyo, yaani takriban 1,114, ambazo zikigawanywa kwa lita 22 ndizo 1.051 zilizoahidiwa. Yeye alipata 1,040, ambayo ni asilimia 70. Kwa upishi wa kwanza kabisa, asilimia 70 si aibu hata kidogo.

Lau nukta zake 1,040 zingekuwa ndani ya lita 22, msongamano ungekuwa 1.047. Basi upungufu unagawanyika hivi: kutoka 51 hadi 47 ni nukta 4 zilizobaki katika machicha, na kutoka 47 hadi 40 ni nukta 7 zilizozimuliwa na lita 4 za ziada. Mtu ambaye angenunua chombo kipya cha kulowekea angekuwa analitibu lile fungu dogo, tena huenda kwa dawa isiyo yake.

Lita 4 hizo zilitoka wapi? Mapishi yalitaka lita 26.5 sufuriani kabla ya kuchemsha na uvukizaji wa lita 4.5 kwa saa. Mpishi alikuwa amekadiria kwamba kila kilo ya kimea itanyonya lita 1.5, na kwamba lita 1 itabaki chini ya koki, kwa hiyo akajiandalia lita 35 za maji kwa jumla. Kwa kweli kimea chake kilinyonya lita 1 tu kwa kilo, kiasi ambacho ndicho cha kawaida kwa njia ya kuchuja kwa koki. Tofauti ya nusu lita kwa kila kilo inaonekana ndogo hadi izidishwe kwa tano, ndipo inakuwa lita 2.5 zilizoingia sufuriani bila kualikwa. Lita 1.5 zilizosalia ni zile ambazo zingetoka kama mvuke endapo jiko lingekuwa na nguvu na kifuniko kisingekuwapo. Na hapa mambo mawili yalisukumana, maana wingi wa woti ndio uliodhoofisha mchemko, mchemko dhaifu ukaleta kifuniko, na kifuniko kikazuia mvuke ambao ungepunguza wingi ule.

Kile ambacho iodini haikukiona

Nukta 4 zilizobaki katika machicha zinahitaji uchunguzi wa namna nyingine, kwa sababu kuna mahali pawili ambapo sukari inaweza kupotea: inaweza isitengenezwe kamwe, wanga ukibaki kuwa wanga, au inaweza kutengenezwa na kisha ikaachwa katika machicha kwa kusuuzwa vibaya. Tiba zake hazifanani. Bahati nzuri, mpishi alikuwa amepima woti ya kwanza, na kipimo hicho, ambacho wengi hukiruka, ndicho kinachotenganisha mambo hayo mawili.

Ikiwa kilo 5 za kimea cha aina ile zimelowekwa katika lita 15 za maji na wanga wote ukageuka kuwa sukari, woti ya kwanza kutoka, kabla haijaguswa na maji ya kusuuzia, inapaswa kukaribia 1.084. Yake ilikuwa 1.066. Ukifanya hesabu ya uzito wa sukari iliyoyeyuka, hiyo ni takriban asilimia 76 ya ile iliyowezekana. Ukigawanya asilimia 70 ya mwisho kwa asilimia 76 hiyo, unapata kwamba kusuuza kulitoa takriban asilimia 92 ya sukari iliyokuwapo, kiwango kizuri sana, na si ajabu, kwani maji ya kusuuzia yalikuwa mengi kupita kiasi. Kwa hiyo tatizo halikuwa katika kusuuza. Robo nzima ya wanga haikugeuka kamwe.

Lakini iodini ilisema wanga umekwisha. Huu ndio ushahidi uliompotosha mpishi, na ningependa kukaa hapo kidogo, kwa kuwa kipimo hiki kinapendwa mno na kinaaminiwa kuliko kinavyostahili. Iodini hugeuka rangi ikikutana na wanga ulioyeyuka. Tone lililochukuliwa juu ya uji wa kimea huwa na woti tu, na woti inaweza kuwa safi kabisa ilhali chembe nene za punje zilizovunjika nusu zingali zimefumbata wanga ambao maji hayajaufikia. Vimeng'enya haviwezi kuvunja kitu kisichoguswa na maji. Iodini ikibaki na rangi yake, maana yake ni kwamba hakuna wanga katika ile woti. Ili kujua hali ya chembe ingebidi kuchota machicha, kuyaponda na kuyajaribu yenyewe, au, bora zaidi, kutazama haidromita kama ilivyoelezwa.

Machicha yenyewe yalithibitisha jambo hilo. Mpishi aliandika kwamba alipoyamwaga aliona punje nyingi zilizokuwa nzima, na nyingine zilizopasuka vipande viwili tu. Mwanya wa milimita 1.3 ni mpana kwa kimea cha shayiri cha kawaida, kwani punje ndogo hupita katikati ya rola bila kuguswa. Baadhi ya mashine huuzwa zikiwa na mwanya mpana kwa sababu inayoeleweka: kimea kilichosagwa laini mno huziba chujio, na mteja ambaye uji wake umegoma kutiririka hulalamika papo hapo, ilhali yule aliyepoteza robo ya wanga huenda asijue kamwe.

Je, joto halikuhusika katika upungufu huo? Lilihusika kwa sehemu ndogo. Wanga wa shayiri hulainika na kuachia chembe zake katika nyuzi zipatazo 60 hadi 65, na uji uliokaa kati ya 64 na 61 ulikuwa katika ukingo huo kwa saa nzima, ukibadilika polepole kuliko ambavyo ungebadilika katika nyuzi 67. Kwa chembe nene, upole huo uliongeza hasara. Asidi ya uji haikupimwa siku ile, nami siitumii kama sababu mradi kuna sababu iliyoonekana kwa macho. Inatosha kusema kwamba kiwango kinachofaa ni pH 5.2 hadi 5.6 ikipimwa katika woti iliyopozwa, na kwamba mpishi wa dondoo hajazoea kulifikiria jambo hilo, kwa vile lilikwisha kushughulikiwa kiwandani.

Joto lilifanya nini hasa

Bia ilichacha ikaishia 1.007, wakati mapishi yalitarajia 1.012. Hapa ndipo joto lilipojionyesha. Beta-amilesi, kimeng'enya kinachokata maltosi, sukari fupi ambayo hamira huila, kutoka kwenye ncha za minyororo ya wanga, hufanya kazi vyema chini ya nyuzi 65 na huharibika upesi joto likipanda juu ya hapo. Alfa-amilesi, inayokata minyororo katikati na kuacha vipande virefu ambavyo hamira haiwezi kuvila, hustahimili nyuzi za juu zaidi na hustawi karibu na 70. Uji uliokaa nyuzi 64 hadi 61 uliipa beta-amilesi saa nzima bila kuharibika, na woti ikatoka imejaa sukari inayochachuka kwa wepesi. Hamira ilipunguza msongamano kwa asilimia 82 ya nukta zake za awali, badala ya asilimia 76 iliyotarajiwa.

Kwa kiwango cha kileo, kosa hilo lilisaidia kidogo: kutoka 1.040 hadi 1.007 kunatoa takriban asilimia 4.3, huku 1.051 hadi 1.012 ya mapishi ingetoa asilimia 5.1. Kwa ladha halikusaidia. Dekstrini, zile sukari ndefu zinazoipa bia uzito mdomoni, zilikuwa chache kwa sababu mbili kwa pamoja, yaani woti ilikuwa nyepesi tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya kile kichache kilichokuwamo ilikuwa sukari fupi iliyoliwa na hamira. Mpishi alieleza kwamba bia ilikuwa kavu na yenye uchungu kuliko alivyozoea, akashuku hopi.

Hopi hazikuwa na kosa. Kiasi kilichokusudiwa kutoa vizio 30 vya uchungu katika lita 22 kilienea katika lita 26, kwa hiyo uchungu wenyewe ulipungua hadi takriban 25. Lakini ulimi huupima uchungu dhidi ya utamu unaouzunguka, na vizio 25 dhidi ya nukta 40 ni uwiano mkali kuliko 30 dhidi ya 51, hasa katika bia iliyoishia 1.007. Kama angepunguza hopi katika upishi uliofuata, angeondoa kitu kisichokuwa kimezidi.

Yaliyowezekana siku ile ile

Kipimo cha kabla ya kuchemsha, kilichopozwa na kusomeka 1.036 katika lita 29, kilikuwa na habari zote zilizohitajika, nacho kilipatikana kabla hopi hazijaingia, wakati ambao kila kitu bado kingerekebishwa. Mpishi angeweza kuchemsha bila hopi hadi lita zishuke hadi 26.5, jambo ambalo kwa jiko lake lingechukua karibu dakika 50, ndipo aanze kuhesabu ile saa ya mapishi. Mwisho angepata takriban lita 23.5 zenye 1.044, na hopi zingekuwa zimechemshwa kwa muda wao halali. Baada ya hopi kuingia, kurefusha mchemko kunabadilisha uchungu na kufukuza harufu, na ndiyo maana kipimo cha mwisho, ingawa ndicho kinachoandikwa kwa fahari daftarini, hakina faida kubwa kwa mtu aliyesimama mbele ya sufuria.

Njia ya pili inachekesha kidogo: kuongeza dondoo ya kimea. Kuinua lita 26 kutoka 1.040 hadi 1.051 kunahitaji nukta 286, ambazo ni takriban gramu 780 za unga mkavu. Kama angekwisha kupunguza ujazo hadi lita 23.5, gramu 420 zingetosha. Wapo wanaoona kwamba kutia dondoo katika bia ya punje ni kuvunja nadhiri, nami sioni sababu ya msingi ya kuona hivyo. Unga ule ni woti iliyokaushwa, na pakiti moja kabatini humwondolea mpishi wa mara ya kwanza hofu inayomfanya akosee mambo mengine.

Upishi wa pili

Mpishi alirudia mapishi yale yale akiwa na vyombo vile vile, bila kununua chochote. Mwanya wa rola aliupunguza hadi milimita 1.0, akakagua kiganja cha kimea kilichoparazwa kabla ya kuendelea: hakukuwa na punje nzima, chembe zilikuwa ndogo, na makapi yalikuwa bado mapana, jambo la lazima kwa kuwa makapi ndiyo yanayofanya chujio. Kasha alilipasha kwa maji yanayochemka kwa dakika kadhaa na kuyamwaga kabla ya kuanza, na uji ukatulia kwenye nyuzi 66.5, ukashuka hadi 65 tu baada ya saa. Maji yalikuwa lita 32 badala ya 35, yaani 15 za kulowekea na 17 za kusuuzia. Sufuriani zikaingia lita 26, na kwa kuwa zilikuwa chache jiko lilizichemsha vizuri bila kifuniko, likavukiza lita 4.

Woti ya kwanza ilisoma 1.076, bado chini ya 1.084 lakini ikiwa na takriban asilimia 89 ya sukari iliyowezekana. Mwisho wa kuchemsha alikuwa na lita 22 zenye 1.055. Safari hii alikuwa amepita shabaha kwa nukta 4, kwa kuwa ufanisi wake ulikuwa umepanda hadi karibu asilimia 81 wakati mapishi yalidhani 75. Aliongeza lita 1.7 za maji yaliyokuwa yamechemshwa na kupozwa, akapata lita 23.7 zenye 1.051, na bia ikaishia 1.012.

Asilimia 75 ya mapishi ilikuwa ufanisi wa mtu mwingine, mwenye mashine nyingine na sufuria nyingine, na hakuna sababu ya kuifukuzia. Faida ya upishi wa pili ni kwamba sasa mpishi ana namba zake: lita 1 inayonyonywa kwa kilo, lita 1 chini ya koki, lita 4 za mvuke kwa saa bila kifuniko, na asilimia 81. Kwa namba hizo mapishi yale yale yanaandikwa upya kwa kilo 4.2 za kimea cheupe na gramu 470 za karameli ili kupata lita 22 zenye 1.051. Hopi zinabaki kama zilivyo, na maji ya kusuuzia yanapungua kwa takriban theluthi moja ya lita kwa sababu kimea kitakachonyonya ni kichache.